Nimepata mbwa wa aina ya Boerboel aliyeachwa na mwenyewe, nina watoto wadogo nyumbani, nimchukue au niache?

BabaShufaa (Goba)

Wakuu habari za jioni, naomba ushauri wa dhati maana nyumbani tumeongea siku tatu hatujafika popote na ijumaa natakiwa nitoe jibu.

Iko hivi. Jirani na ofisi ninayofanyia kazi huku Mbezi Beach kuna nyumba mwenyewe kahama na familia yake tangu mwezi wa pili, akamwacha mbwa na mlinzi. Ni Boerboel dume anaitwa Bosi, mzee anayelinda pale anasema ana miaka minne anaingia wa tano. Mkubwa jamani, siku ya kwanza nimemuona kwa mbali kalala nikajua ndama. Sasa nyumba inapangishwa, wapangaji wapya mbwa hawamtaki, na mzee kazi yake inaisha mwisho wa mwezi, yeye mwenyewe anakaa chumba kimoja Tegeta hawezi kwenda na mbwa wa kilo sitini. Mwenye nyumba kasema asipopatikana mtu ataita dokta achomwe sindano ya kulala moja kwa moja.

Mi kwa sababu napita pale kila mchana nilianza kumpelekea maji, maana siku moja nilikuta ndoo imekauka, jua la saa saba linawaka na mnyororo wake haufiki kivulini. Wiki ya kwanza ananibwekea mpaka geti linatetemeka. Wiki ya tatu akawa kimya ananiangalia tu. Juzi nikaingia ndani na mzee, yule mbwa akaja taratibu akanigeuzia ubavu akaniegemea mguuni na uzito wake wote, akasimama hivyo hivyo kafumba macho. Nimerudi ofisini siku ile sijafanya kazi ya maana.

Sasa kwangu. Nina Shufaa ana miaka saba na mdogo wake wa kiume ana mitatu, huyu hatulii hata dakika moja. Tunaishi na mama mkwe, mtu wa swala tano, na kwake mbwa ni najisi, basi. Mke wangu yuko katikati. Fensi ni ya tofali na geti la chuma, uwanja upo wa kutosha. Nimekulia Kondoa, kwetu tulikuwa na mbwa wa kienyeji wa kuchungia mbuzi ila wale walikuwa wanajilea wenyewe. Mlinzi sihitaji, nataka huyu akae na sisi kama mbwa wa familia. Je mbwa aliyekaa kwenye mnyororo miaka yote hiyo anabadilika? Na watoto je? Anakula kiasi gani? Naomba mliowahi kuishi na mbwa wa aina hii mnijibu kweli kweli.

Mangi_UsaRiver

Mkuu mi ninaye jike la Boerboel hapa Usa River tangu 2019, na yeye nilimchukua mkubwa, akiwa na miaka mitatu, walikuwa wanamlindisha yadi ya magari. Nakwambia yaliyonikuta halafu utapima mwenyewe.

Kwanza watu wengi hawamjui huyu mbwa. Asili yake Afrika Kusini huko mashambani, jina lenyewe ni la Kiafrikaans na hiyo boer ni mkulima. Waliomfuga ni wakulima waliokuwa wanakaa mbali na majirani, wanataka mbwa wa kumsimamia mnyama mkali usiku halafu asubuhi analala kibarazani na watoto. Kwaiyo damu yake ni ya kukaa na watu. Ukimfunga peke yake nyuma ya nyumba unamnyima kile kitu hasa anachokitaka, ndo maana huyo wako kakuegemea. Wangu mpaka leo yuko hivyo, ukisimama bombani unaosha vyombo anakuja anakuegemea, mgeni asiyejua anaweza kwenda chini.

Pili, siku za mwanzo usimhukumu. Wangu siku tatu hakula kitu, alijibanza nyuma ya tenki la maji anatuangalia. Watu wanaookoa mbwa wana kipimo chao, siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu kachanganyikiwa, wiki tatu ameanza kuielewa ratiba ya nyumba na hapo tabia zake za kweli zinatoka hata zile mbaya, miezi mitatu ndo anajua hapa ni kwake. Kwangu ilichukua kama mitano. Wiki ya tatu alimngurumia shemeji yangu aliyeingia bila kupiga hodi, nyumba nzima tukashtuka tukataka kumrudisha kule kule yadi. Tulipotulia tukaona kosa ni letu, hatukuwa tumemfundisha watu wanaingiaje. Tangu siku ile mgeni anasubiri getini, mbwa anaingia bandani, mgeni anakaa chini anakunywa chai yake, baadaye ndo mbwa anafunguliwa. Shemeji sasa hivi ndo rafiki yake mkubwa.

Tatu, na hili kwangu ni kubwa kuliko yote, huyo mzee. Umemtaja kwa kupita tu, ila kwa mbwa huyo mzee ndo mtu wake. Familia imeondoka sawa, lakini aliyekuwa anampa chakula na kukesha naye nje miaka yote ni mzee. Mkalishe chini umuulize kila kitu: anaogopa nini, radi ikipiga anafanyaje, ameshawahi kuuma mtu, ukimsogelea wakati anakula anakuwaje, watoto wa ile nyumba walikuwa wanacheza naye au walikuwa wanamrushia mawe. Na siku ya kumhamisha mzee aje naye, akae naye kwako hata siku mbili tatu, mlipe siku zake.

jembe_255

Chukua mkuu zali hilo, hao wanauzwa hela ndefu. Mchana mfunge usiku mfungulie, tia pilipili kidogo kwenye ugali wake anakuwa moto, hakuna kibaka atasogea hapo.

Mangi_UsaRiver

Jembe ndugu yangu hapana. Pilipili haimfanyi mbwa kuwa mlinzi, inamchoma tumbo tu. Na mbwa anayeshinda kwenye mnyororo hajui mtu mwema yupi na mbaya yupi, siku akifunguliwa anauma aliye karibu, na aliye karibu ni mtoto wa hapo hapo nyumbani. Halafu jamaa kasema mlinzi hataki.

MamaKevo (Nakuru)

Jameni mimi ni mzazi na nitasema vile naona hata kama haitafurahisha watu.

Kijana wa dada yangu aliumwa na mbwa kubwa ya jirani, chotara ya mastifu, hizo mbwa kubwa za kichwa kubwa, kijana akiwa na miaka minne. Hiyo mbwa ilikuwa inajulikana estate yote kwa upole, watoto walikuwa wanaikalia mgongoni na watu wanapiga picha. Siku hiyo ilikuwa inakula, mtoto akapita na mandazi mkononi, ikaangukia karibu na sahani ya mbwa, akainama kuokota. Ni mara moja tu, haikurudia. Lakini mara moja ya kichwa kama hicho ni shavu lote, alishonwa na mpaka leo ako na alama kutoka hapa chini ya jicho mpaka kwa mdomo. Na mwenye mbwa hakuwa na kadi ya chanjo kwa hivyo kijana akadungwa sindano zote za kichaa cha mbwa, kila tukirudi hospitali analia kutoka kwa geti.

Sikuambii usichukue. Mimi mwenyewe niko na mbwa mbili. Ninachosema ni hivi, mbwa ndogo ikikosea inauma kidole. Hii ikikosea, kichwa yake iko sawa na uso wa mtoto wako wa miaka mitatu, enda upime. Kwa hivyo mtoto huyo asiachwe na huyo mbwa hata dakika ya kuingia jikoni kuzima jiko. Ukiingia jikoni, ingia na mtoto ama ingiza mbwa kwa banda. Hakuna kusema "ni mpole". Na wakati wa kula mbwa ale peke yake kwa banda na mlango umefungwa, kila siku, hata miaka kumi ikipita.

Kitu ingine, kama utaona huwezi, usiache hiyo sindano ya mwenye nyumba ikuwe ndio jibu pekee. Huku kwetu Kenya kuna KSPCA ya Nairobi, shirika la kutunza wanyama, wanapokea mbwa na kuzitafutia nyumba, hapo Dar pia uliza, hakuwezi kosa watu wanafanya hiyo kazi.

Dokta_Moro

Nimesoma yote. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, na niko hapa hapa Morogoro, kazi yangu zaidi ni ng'ombe na kuku ila mbwa wakubwa nao huwa naletewa. Alichosema Mama Kevo kuhusu mtoto kishikwe, sina la kupunguza. Mi naongeza ya kidaktari.

Kabla hujamhamisha muite dokta ampime hapo hapo alipo. Mbwa aliyelala nje bila dawa kwa joto la Dar kupe hamkosi, na kupe wanaambukiza homa mbaya. Kuna ile inayovunja chembe nyekundu za damu, fizi zinakuwa nyeupe na mkojo unageuka mwekundu mpaka kahawia. Kuna nyingine inakwenda polepole, mbwa anakonda, anachoka, siku nyingine anatokwa damu puani. Na hapa nataka msikilize vizuri, maana nimeliona zaidi ya mara moja: mtu anachukua mbwa mkubwa aliyetelekezwa, anafurahi jinsi alivyo mpole na mtulivu, kumbe utulivu wenyewe ni ugonjwa. Anatibiwa, damu inarudi, nguvu zinarudi, na mwezi wa pili unakutana na mbwa mwingine kabisa ambaye hukumchagua. Kwaiyo damu ipimwe kwanza. Mfunue mdomo wa juu (muache mzee amfunue, usifanye wewe) uangalie fizi, zinatakiwa ziwe za pinki. Akikutwa na ile homa ya polepole anapewa doxycycline kwa wiki nne, asikatishiwe eti kwa sababu kachangamka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kama kadi haionekani hesabu kwamba hajachanjwa na uanze upya. Watu wanaokufa kwa kichaa karibu wote, asilimia 99, wamekipata kwa mbwa, na ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hautibiki. Mtu yeyote akiumwa au hata kukwaruzwa na jino, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku ile ile, hata kama mbwa ni wenu na ana kadi.

Sasa yanayowahusu hawa wa jamii ya mastifu. La kwanza ni tumbo. Wana kifua kirefu cha kwenda chini, na tumbo lao linaweza kujaa gesi halafu likajisokota lenyewe, damu haipiti. Utaona anajaribu kutapika hatoki kitu, mate yanachuruzika kuliko siku zote, anahangaika kulala anainuka, tumbo gumu ukiligonga linalia kama ngoma. Hapo usimpe maziwa wala mafuta ya kula wala usisubiri asubuhi, bila kupasuliwa anakufa ndani ya masaa. Ili kupunguza hatari gawa chakula mara mbili au tatu kwa siku na akishakula apumzike, msikimbizane naye.

Kiasi cha kula umeuliza. Mbwa wa kilo 60 hivi ambaye hafanyi kazi ngumu kama kilo mbili za chakula kilichopikwa kwa siku zinamtosha, ugali wa dona uchanganywe vizuri na dagaa, mapupu, vichwa vya kuku, na mboga kidogo. Msimtilie vitunguu, kwaiyo mabaki ya pilau na mchuzi wa watu hapana, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa nayo hapana, inachanika vipande vyenye ncha. Ukimpapasa ubavuni usikie mbavu chini ya vidole, usipozisikia punguza ugali. Nyonga na viwiko vya hawa mbwa vinaumia mapema, na kila kilo ya ziada anaibeba kwa viungo hivyo hivyo. Halafu hesabu kwamba dawa zote zinapimwa kwa kilo, ya minyoo, ya kupe, ya usingizi, kwaiyo bili ya Bosi ni ya mbwa wanne wa kienyeji.

Na mtafutie kitu laini cha kulalia. Nina hakika ukiangalia viwiko vyake utakuta sugu nyeusi nene, ndo dalili ya mbwa aliyelala kwenye saruji miaka. Godoro la zamani lililoshonewa turubai linatosha.

La mwisho, akinguruma asipigwe. Mngurumo ni yeye anasema niondokee. Mkimpiga kwa kunguruma ataacha kunguruma, na siku nyingine atauma bila kutoa taarifa. Kuhasi nakushauri ndiyo, ila usitegemee kuhasi kutaondoa woga wala kumbukumbu.

Hawa hawaishi sana, miaka tisa mpaka kumi na moja hivi. Huyo wa kwako karibu nusu ameshaimaliza kwenye mnyororo. Na ile ya kumfunga mnyama juani bila maji sheria inakataza, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008.

shamba_Muheza

Assalam alaykum. Sioni mtu aliyeligusa la mama mkwe na naona ndo zito kuliko mengine, maana fensi unaweza kujenga ila ukimvunjia mama heshima ndani ya nyumba hujengi tena.

Mimi ni Muislamu, nina mbwa shambani Muheza kwa ajili ya ngedere na nguruwe pori. Sisi wa pwani wengi ni Shafii na mama yuko sahihi, kwetu mbwa ni najisi nzito, mate yake na jasho lake vikikugusa unaosha mara saba na moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwaiyo usianze kumbishia kwa kutafuta kauli za madhehebu mengine, utakuwa unamuonyesha kwamba dini yake umeifanya mchezo. Lakini ajue pia kwamba ruhusa ya kufuga mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda imo kwenye hadithi, na wako wanazuoni walioingiza humo na mbwa wa kulinda nyumba. Sasa wewe umesema mlinzi hutaki, hapo fikiria vizuri nia yako, kwa sababu mbwa huyo hata asipofundishwa atalinda tu, ndo maumbile yake. Nenda kwa sheikh wa msikiti wenu wewe na mama pamoja, asikie kwa mdomo wa sheikh na sio wa mkwe wake.

Kwa vitendo mi nafanya hivi. Mbwa hapandi baraza la kuswalia wala haingii ndani hata mvua inyeshe, ana banda lake linaezekwa vizuri. Nguo za kumhudumia ni zake, zinatundikwa nje. Bomba la nje lina ndoo ya udongo safi pembeni. Kikavu kikigusa kikavu hakuna najisi, tatizo ni unyevu, na hao wenye midomo mikubwa mate hayakauki, wakitikisa kichwa yanaruka mpaka ukutani, sijui kama hilo unalijua. Kwa familia yenye swala nyumbani lazima pawe na mstari ambao Bosi havuki. Na si adhabu kwake. Maisha yetu mengi yako nje, uwanjani, chini ya mti, mbwa wa uwanjani asiyefungwa na anayekaa na watu jioni nzima hajatengwa.

Ukiongea na mama muanzie pale kwenye ndoo iliyokauka. Anaijua hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake cha ngozi akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Wewe hujui umeandika nini kwenye lile swali lako, ila mi nimesoma pale kwenye maji nikasimama.

Mdau_Leicester

Habari za huko. Sisi huku Uingereza tulichukua chotara wa Bullmastiff kutoka kituo cha kuokoa mbwa, ana mwaka wa tatu sasa na watoto wetu wawili. Walitufanyia mchakato mrefu nikawa nakasirika, baadaye nikawashukuru. Walikuja kukagua fensi, halafu tukaenda kumuona mara tatu kabla hawajatupa. Mara ya kwanza sisi wazazi tu. Mara ya pili watoto, ila wamekaa kwenye benchi wamempa mgongo wanasoma vitabu vyao, mbwa anazunguka na kamba anawanusa akitaka, hakuna kumshika. Mara ya tatu ndo watoto wakampa vipande vya nyama kwa kiganja kilichofunguka.

Ushauri wangu fanya hivyo hivyo hapo Mbezi kabla ya ijumaa, au omba wiki mbili zaidi, mwenye nyumba aliyengoja tangu mwezi wa pili atangoja. Mchukue Shufaa peke yake kwanza. Muangalie mbwa mwili wote. Mwili ukiwa laini, kiuno kinayumba, mdomo umefunguka, endelea. Mwili ukikakamaa, mdomo ukafumba ghafla, jicho limemganda mtoto hachezi kope, ondokeni taratibu na usijipe moyo kwamba atazoea. Na wafundishe watoto mbwa akiwafuata kwa kasi wasikimbie wala kupiga kelele, wasimame kama mti, mikono kifuani, waangalie chini. Wa kwetu tuliwafanyisha mazoezi sebuleni kila jioni kama mchezo.

Na ujiandae na macho ya watu. Huku tangu sheria ya kuzuia mbwa aina ya XL Bully ianze kutumika kikamilifu 2024 England na Wales, mtu akiona kichwa kikubwa anavuka barabara, na wetu wala si wa aina hiyo. Kwaiyo nje ya geti mi siku zote namtoa na mkanda wa kifuani, kamba fupi, na kile kikapu cha mdomoni. Yeye hakimsumbui, na jirani anapita na mtoto wake kwa amani.

BabaShufaa (Goba)

Nimesoma kila neno, mengine nimemsomea mke wangu kwa sauti. Mama Kevo pole sana kwa kijana, nilipima kweli, kichwa cha Bosi kinafika shingoni kwa mwanangu wa mwisho.

Nimeongea na mzee. Hajawahi kuuma mtu. Watoto wa ile nyumba walikuwa wakubwa, hawakumjali kwa zuri wala baya. Anaogopa ufagio, mzee alikuwa hataki kusema kwa nini, baadaye akasema mfanyakazi wa zamani alikuwa anampiga nao. Akiwa anakula ukisogea anaganda, hangurumi, anaganda tu. Nimeomba wiki tatu nimepewa mbili. Kwa sheikh tunakwenda na mama alhamisi, alikuwa hataki, nikamsimulia la ndoo akanyamaza muda mrefu halafu akasema haya twende.

Dokta_Moro

Hiyo ya kuganda wakati wa kula usiipuuze, ni mngurumo usio na sauti. Alichosema Mama Kevo kuhusu kula bandani mlango umefungwa hakina mjadala.

BabaShufaa (Goba)

Wakuu narudi na mrejesho, leo ni wiki ya saba Bosi yuko Goba.

Damu ilipimwa, alikuwa na ile homa ya polepole kama dokta alivyohisi, dozi ya wiki nne ndo imeisha. Mizani ilisema kilo 54, sasa yuko 59. Na ni kweli, mbwa niliyemleta si huyu niliye naye. Wa kwanza alikuwa analala mchana kutwa. Huyu ana nguvu, anavuta, ameshavunja mlango wa banda mara moja fundi akaja kuchomelea vyuma. Wiki ya nne alimbwekea muuza maziwa kwa namna ambayo sikuipenda, nimeweka geti la pili dogo ndani ya geti kubwa, mgeni asubiri hapo kama anavyofanya Mangi.

Tulimleta kwa kirikuu, mzee kakaa naye nyuma kamshika kichwa njia nzima. Alikaa kwetu siku nne. Siku ya kuondoka mbwa alilia getini mpaka saa sita usiku, mi nimekaa naye kwenye kigoda, mke wangu akatoka akakaa na yeye. Sasa mzee anakuja kila jumapili, nauli natoa mimi, anakula na sisi. Bosi anaijua bodaboda iliyomleta ikiwa bado iko kona ya chini huko.

Shufaa anampa chakula na mimi nikiwa nimesimama pale pale, anaweka sahani bandani, tunafunga mlango, tunaondoka. Mdogo wake bado hajawahi kuwa uwanjani na Bosi bila mkono wangu au wa mama yake kumshika, na itakuwa hivyo muda mrefu. Dada wa kazi aliomba kuondoka wiki ya pili, tukakubaliana Bosi awe bandani asubuhi yote wakati anafua na kufagia, akabaki. Ufagio tunauhifadhi ndani.

Sheikh alisema anaweza kukaa nje kwa ulinzi, asiingie ndani, na tusimtese. Mama hamgusi na hatamgusa, sina shida na hilo. Jioni anakaa barazani na tasbihi yake, Bosi analala chini ya ngazi ya mwisho, mstari nimeuchora kwa rangi na ameshaujua. Juzi nimechelewa foleni ya Tangi Bovu, nafika saa mbili usiku nakuta mama ameshamuagiza Shufaa na dada wajaze ndoo ya maji.

Dokta swali moja, shingoni pale kwenye alama ya mnyororo manyoya hayajaota mpaka leo, ngozi imekuwa ngumu na nyeusi. Ni kawaida?

Dokta_Moro

Hongera, na hongera kwa mama. Kama ngozi imeshakuwa kovu manyoya hapo hayarudi, usihangaike na dawa za kuotesha. Mpake mafuta ya nazi kidogo ili isipasuke, kiasi tu maana atayalamba, na asivae tena kola ya aina yoyote, tumia mkanda wa kifuani peke yake. Ikianza kutoa majimaji au harufu nitumie picha.